Hewa Kwanza, Moto Baadaye: Maziwa na Mashine ya Espreso ya Nyumbani

Wengi walionunua mashine ya espreso ya nyumbani hawana neno na kahawa yake. Unabonyeza kitufe, buni inasagwa, espreso inashuka na krema yake ya hudhurungi. Shida ni maziwa. Juu ya kikombe linakaa povu gumu, kavu, lenye matundu, ambalo unaweza kulichota lote kwa kijiko ukaliweka pembeni. Chini yake kuna maziwa mepesi, ya moto kupita kiasi, yasiyo na utamu. Mtu anajaribu mara mbili tatu, anakata tamaa, na tangu siku hiyo bomba la mvuke halifunguliwi tena. Wengine wanaamini kwamba walipunjwa dukani, na kwamba povu laini la mgahawani haliwezekani bila mashine ya mamilioni.

Mimi siamini hivyo. Mashine ndogo ina mipaka yake na nitaitaja, lakini kinachoharibu maziwa ya nyumbani mara nyingi ni wakati. Hewa inaingizwa kwa muda mrefu mno, au inaingizwa maziwa yakiwa yameshapata moto. Hewa inatakiwa kuingia mwanzoni, maziwa yakiwa baridi, kwa sekunde chache tu, na muda wote unaobaki ni wa kuyazungusha. Ukilishika hilo, kikombe chako kitabadilika wiki hii hii, na mashine ni ile ile uliyo nayo.

Sababu yake iko ndani ya maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Kinachobaki ni mafuta, sukari ya maziwa iitwayo laktosi, protini na madini kidogo. Protini, ambazo ni kama asilimia 3.3 tu, ndizo zinazobeba povu. Hewa inapopenya, zinakimbilia ukingoni mwa kila kiputo na kukizungushia ngozi nyembamba. Viputo vikubwa vinapanda juu na kujitenga. Viputo vidogo sana, visivyoonekana kwa jicho, vinabaki vimetawanyika ndani ya maziwa, na hapo ndipo unapopata kinywaji kizito kidogo, kinachong'aa, kinachomiminika kwa pamoja. Mzunguko ndani ya jagi ndio unaovunja vikubwa kuwa vidogo, na kazi hiyo inataka muda. Kiputo kilichoingia katika sekunde ya tatu kina muda wa kutosha wa kuvunjwavunjwa, lakini kilichoingia sekunde tano kabla hujafunga mvuke kitabaki kikubwa, na kitakwenda kukaa juu ya kikombe.

Joto nalo lina mpaka wake. Laktosi si tamu sana, lakini maziwa yakifika kati ya nyuzi 55 na 65 za Selsiasi ulimi unauhisi utamu wake vizuri kuliko yakiwa baridi. Ukipita nyuzi 70, protini za majimaji ya maziwa zinafumuka, harufu ya maziwa yaliyochemka inatokea, povu linakuwa la chembechembe, na hakuna namna ya kurudi nyuma. Najua wengi wetu tumelelewa kwa chai ya maziwa inayotoka jikoni ikifuka, na kikombe cha nyuzi 60 kinaweza kuonekana kimepoa. Ukipenda kahawa yako moto, pasha kikombe badala ya maziwa. Kijaze maji ya moto wakati mashine inajiandaa, kisha mwaga maji hayo kabla espreso haijashuka. Mgeni anayetaka moto zaidi mpelekee nyuzi 65, pengine 67, lakini usimchemshie.

Sasa tuje kwenye ubaridi, jambo ambalo watu wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Maskati wanalihitaji kuliko mtu wa Iringa au Limuru. Maziwa ya friji yako kwenye nyuzi 4 hivi. Ukiyaacha mezani asubuhi ya joto wakati unatafuta vikombe na kusaga buni, yanaanza kupata joto, na ukiyasahau hapo yanaweza kukaribia nyuzi 28. Hewa nataka iwe imekwisha kuingia maziwa yanapofika joto la mwili, nyuzi 37. Kutoka nyuzi 4 una ngazi 33 za kufanyia kazi hiyo, lakini kutoka 28 unazo tisa tu. Zaidi ya hapo, mafuta ya maziwa kwenye joto la chumba yako nusu yameganda na nusu yameyeyuka, na hali hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa povu la maziwa yenye mafuta. Kwa hiyo maziwa yatoke kwenye friji dakika ya mwisho, mashine ikiwa tayari. Weka hata jagi lenyewe kwenye friji usiku. Ni jambo dogo, na kwenye mashine ya nyumbani linaleta tofauti kubwa.

Kuhusu maziwa gani, hapa nitakaa kidogo, maana ushauri mwingi unaosomwa umeandikwa kwa ajili ya watu ambao maziwa yao yote hutoka kwenye rafu ya duka kubwa.

Maziwa ya pakiti yaliyopashwa kiwandani kwa nyuzi 135 au zaidi, yale yanayoweza kukaa kabatini miezi kadhaa kabla ya kufunguliwa, yanatoa povu vizuri na kwa namna ile ile kila siku. Ladha yake ina dalili ya kupikwa, lakini kwa anayejifunza ndiyo ninayoyapendekeza, kwa sababu yanakuondolea swali la maziwa na kukuachia swali la mkono wako. Yalaze friji usiku mzima kabla ya kuyatumia. Maziwa freshi ya pakiti au ya chupa, yaliyopashwa kwa joto la kawaida la kiwandani, yana ladha safi zaidi na ndiyo nitakayochagua yakiwa mapya. Yakikaribia kuharibika, hata kabla ulimi haujagundua, povu lake huanza kufa mapema.

Maziwa ya mfugaji, yale yanayoletwa mlangoni kwa baiskeli au pikipiki, yanahitaji uangalifu mara mbili. La kwanza ni afya. Kuua vijidudu kwenye maziwa kunataka nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Mvuke wa mashine unayafikisha maziwa nyuzi 60 na kuyaachia hapo hapo. Hiyo haiyatakasi maziwa mabichi. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na povu zuri halizuii lolote kati ya hayo. Kwa hiyo yachemshe kwanza kwenye sufuria kama ambavyo mama zetu wamefanya siku zote, yapoze upesi, chuja malai kwa kichujio chenye matundu madogo, kisha yaweke friji mpaka yapoe kabisa. Yakishapoa hivyo yanatoa povu bila taabu. Usiruke hatua ya kuchuja: vipande vya malai vinaziba tundu la ncha ya bomba, na vinaonekana kikombeni.

La pili ni hali ya mafuta yake. Maziwa mabichi yakitikiswa sana njiani, mafuta yake yanapasuka na kuachia asidi zinazovunja ngozi ya viputo. Dalili yake ni harufu nyepesi ya sabuni au ya siagi ya zamani, na povu linalopanda kisha kunywea mbele ya macho yako. Maziwa yaliyoongezwa maji nayo hayana protini ya kutosha kubeba kitu. Ukiona maziwa ya leo hayashiki povu na ya jana kutoka kwa mtu mwingine yalishika, usihangaike na mashine. Badilisha maziwa.

Maziwa yaliyoondolewa mafuta yanapanda sana na kusimama wima, lakini ni makavu mdomoni. Yenye mafuta kamili yanapanda kidogo na yana utajiri, na kwa kahawa mimi nachukua hayo. Maziwa ya unga yenye mafuta kamili yanafaa kabisa ukiyakoroga mpaka yasibaki madonge na kuyalaza friji usiku ili unga unywe maji vizuri. Ila soma pakiti, maana baadhi ya unga unaouzwa karibu na maziwa umetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Tui la nazi ninalipenda katika mapishi mengi, lakini bomba la mvuke si mahali pake, kwa kuwa lina mafuta mengi na protini kidogo, nalo linatengana. Asiyekunywa maziwa ya mnyama atafute maziwa ya oti au soya yaliyotengenezwa mahsusi kwa kahawa. Soya ya kawaida huganda ikikutana na kahawa yenye ukali wa asidi.

Kuna jambo moja la viungo ambalo ni letu hasa. Usiweke sukari, iliki ya unga wala mdalasini ndani ya jagi kabla ya kupiga mvuke; vitaziba tundu. Iliki iliyopondwa itie kwenye maziwa unapoyachemsha, iache ikae humo, kisha chuja na poza. Maziwa hayo yakipigwa povu na kumiminwa juu ya chai ya rangi nzito yanatoa kitu kizuri sana, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu njema ya kumiliki mashine hata kwa asiyejali espreso. Tangawizi inataka tahadhari zaidi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa ya moto, na joto la nyuzi 60 hadi 70 ndilo kinalolipenda. Wachina wa Guangdong hutengeneza kitindamlo kizima kwa njia hiyo, juisi ya tangawizi na maziwa ya moto tu. Kwenye jagi lako hutaki kitindamlo. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza. Ikishachemka kimeng'enya kinakufa, na maji yake unaweza kuyachanganya na chai salama.

Mashine sasa. Kwenye boksi imeandikwa bari 15 kwa herufi kubwa, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo. Ni nguvu ya pampu inayosukuma maji kwenye kahawa, na haihusiani na maziwa. Zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja: mashine ya Luigi Bezzera wa Milano, ya mwaka 1901, ilisukuma maji kwa mvuke wa boila yenyewe. Leo mvuke wa maziwa unatoka kwenye moto, si kwenye pampu, nao una nguvu ya bari moja au zaidi kidogo tu. Katika mashine za mgahawani boila kubwa inahifadhi mvuke mwingi na kumaliza jagi dogo kwa sekunde chache. Ya nyumbani ina boila ndogo au kipasha maji cha papo kwa papo, na jagi la mililita 200 linaweza kuchukua sekunde 30 hadi 60. Usione hilo ni hasara. Kwa anayejifunza, polepole kunakupa nafasi ya kusikia na kusahihisha.

Tazama bomba lako lina nini mwishoni. Likiwa tupu, chuma chembamba chenye tundu moja au mawili kwenye ncha, wewe mwenyewe ndiye unayeingiza hewa. Likiwa limevishwa koti nene la plastiki au chuma lenye tundu dogo au ufa ubavuni, hiyo ni panarelo, na ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za bei ya kati, zikiwemo nyingi za De'Longhi na Gaggia. Mvuke ukipita ndani yake unavuta hewa kupitia lile tundu la ubavuni, muda wote, bila kukuuliza. Ndiyo maana panarelo inatoa povu gumu: aliyeitengeneza alitaka kila mtu apate povu, na povu analipata kweli, kupita kiasi. Dawa yake ni tundu hilo hilo. Anza na tundu likiwa juu ya maziwa, na hewa itaingia. Baada ya sekunde tano hadi nane inua jagi mpaka tundu lizame, na hewa itakatika. Kuanzia hapo bomba linazungusha na kupasha tu. Kama tundu liko juu sana na jagi lako ni pana, hutaweza kulizamisha. Nunua jagi jembamba na refu zaidi. Baadhi ya mashine zinakuruhusu kulivua koti na kutumia bomba la ndani. Soma kitabu cha maelekezo, na ulivue likiwa limepoa.

Aina ya tatu ni mashine yenye chombo chake cha maziwa au mrija unaochovywa kwenye pakiti, ambapo unabonyeza kitufe na kapuchino inashuka yenyewe. LatteGo ya Philips na LatteCrema ya De'Longhi ziko kundi hili. Hapa mkono wako hauna kazi, ila ubaridi wa maziwa na usafi wa njia ya hewa ndivyo vinavyoamua kila kitu. Kama povu limepungua wiki hadi wiki, hewa imezibwa na maziwa yaliyokauka. Kama kuna kirekebishi cha povu, kishushe chini ya pale kiwanda kilipokiweka, uonje, ndipo upandishe. Na chombo kirudi friji mara tu vikombe vimejaa.

Tukirudi kwa mwenye bomba, utaratibu wa kazi ni huu. Jagi liwe la chuma cha pua, lenye mdomo wa kumiminia, la mililita 350 hivi kwa kikombe kimoja. Maziwa yafike chini kidogo ya pale mdomo wa jagi unapoanzia. Ukijaza zaidi hakuna nafasi ya kupanda, na ukiweka machache sana yanapata moto kabla hujafanya lolote. Washa mvuke na usubiri mashine iseme iko tayari. Kabla ya kugusa maziwa, elekeza bomba kwenye sinia ya matone na ufungue mvuke kwa sekunde mbili tatu. Kitakachotoka kwanza ni maji. Yaache yatoke yote mpaka uone mvuke mkavu. Mvuke wenyewe unageuka maji ndani ya maziwa, ndivyo unavyotoa joto lake, na kwa mililita 200 za maziwa ya friji unaongeza karibu mililita 20 za maji bila hiari yako. Hakuna haja ya kuongeza mengine.

Funga mvuke, tia ncha kwenye maziwa karibu na uso, kando kidogo ya katikati, bomba likilala kwenye mdomo wa jagi. Fungua mvuke wote kwa mkupuo; ukifungua nusu utapata mapovu makubwa. Sasa sikiliza. Ncha ikiwa mahali pake utasikia mchirizo mfupi mfupi, tss, tss, kama karatasi inayochanwa taratibu. Huo ni mlio wa hewa inayoingia kwa kipimo. Ukisikia ngurumo na maziwa yakirukaruka, ncha imetoka juu mno, kwa hiyo pandisha jagi kidogo. Ukisikia mlio mkali wa kupiga kelele, ncha imezama na hewa haiingii, kwa hiyo shusha jagi kidogo. Marekebisho haya ni ya milimita, na mkono unayajifunza kupitia sikio. Uso wa maziwa ukipanda, shusha jagi uufuate.

Hewa ikitosha, acha. Kutosha ni kiasi gani? Taasisi ya Espreso ya Italia inaelekeza kapuchino ya mililita 100 za maziwa baridi yanayopigwa mpaka yawe 125, kwenye nyuzi 55 hivi, juu ya espreso ya mililita 25. Yaani ongezeko ni robo tu. Wengi wanaolalamikia povu gumu wameyakuza maziwa yao mara mbili. Kwa late ongezeko liwe chini ya hapo. Ukigusa ubavu wa jagi na ukaona ubaridi umekwisha lakini joto halijaanza, wakati wa hewa umepita.

Zamisha ncha sentimita moja hivi na uinamishe jagi kidogo upande mmoja mpaka maziwa yote yaingie kwenye mzunguko, na shimo dogo litokee katikati likivuta kila kitu chini. Usihangaike kutikisa jagi wala kulipandisha na kulishusha. Likishazunguka, tulia hapo hapo. Mashine yako ikiwa dhaifu na mzunguko hautokei, punguza maziwa, au sogeza ncha karibu zaidi na ukingo. Mzunguko unaokuja kwa shida katika maziwa ya mililita 250 unaweza kuja wenyewe katika 150.

Kiganja kikae ubavuni mwa jagi. Pale ambapo kiganja hakivumilii zaidi ya sekunde moja, uko karibu na nyuzi 60. Funga mvuke kwanza, ndipo utoe bomba. Ukitumia kipima joto, funga kwenye nyuzi 57, kwa sababu namba yake inachelewa na maziwa yanaendelea kupanda. Gonga jagi mezani mara moja au mbili kupasua viputo vilivyobaki, lizungushe mkononi mpaka uso ung'ae na usione tundu hata moja, na umimine mara moja. Ukisubiri nusu dakika povu linaanza kuachana na maziwa. Michoro ya jani na moyo itakuja yenyewe maziwa yakiwa sawa, na kwa maziwa mabaya haitakuja hata ufanye nini.

Maziwa yaliyobaki usiyarudishie mvuke kesho. Protini zimeshabadilika na maji yameshaongezeka. Yanywe, au yatie kwenye chai.

Kama hutaki kumwaga maziwa wakati wa kujifunza, jaza jagi maji ya baridi na utie tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Litapanda na kuzunguka karibu sawa na maziwa, na unaweza kurudia jioni nzima kwa gharama ya maji tu. Haikufundishi joto wala ladha, lakini sikio na mkono vinajifunza. Suuza jagi na bomba vizuri baadaye.

Mwenye mashine ya boila moja ndogo, mfano wa Gaggia Classic, ana swali la kipi kitangulie. Joto la mvuke liko juu sana kwa kahawa na litaiunguza. Ninashauri kahawa kwanza, kisha uwashe mvuke. Espreso itasubiri dakika moja na haitaharibika sana, lakini maziwa yakisubiri yanaachana. Ukimaliza mvuke, fungua maji yapite kwenye bomba mpaka yatoke bila kukatika, ili boila ijae tena na ipoe. Kuacha boila nusu tupu ikiwa na moto ndiko kunakounguza kipasha joto chake.

Usafi wa bomba hauna mjadala. Mara tu maziwa yanapotoka, futa kwa kitambaa chenye maji na ufungue mvuke sekunde mbili. Ukichelewa, bomba likipoa linavuta maziwa ndani, yanakauka, na kesho yatakuwa kwenye kikombe cha mwanao. Panarelo ivuliwe na kuoshwa kila siku inapotumika, na tundu lake lipitishwe sindano. Kitambaa hicho kiwe cha kazi hiyo peke yake.

Maji pia. Maji ya kisima, hasa ya pwani, mara nyingi yana chumvi na chokaa nyingi, na chokaa hukaa kwanza pale penye moto mkali, yaani kwenye njia ya mvuke. Mvuke ukianza kukohoa au kuchelewa, shuku chokaa kabla ya kushuku ubovu. Tumia maji yenye madini machache, na usafishe kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine kila taa yake inapowaka.

Umeme wetu ni wa volti 230 au 240. Ndugu akikuletea mashine ya volti 120 kutoka Marekani, usiichomeke moja kwa moja. Itahitaji transfoma inayobeba wati zote za mashine, ambazo mara nyingi ni 1,200 au zaidi, na hata hapo pampu iliyotengenezewa herzi 60 itakwenda polepole kwenye 50 zetu. Afadhali auze kule na kukutumia pesa.

Na kama bado hujanunua, muulize muuzaji akuonyeshe bomba kabla ya kukuonyesha vitufe. Ninachagua lenye ncha tupu, au panarelo inayovulika, linalozunguka pande zote na lenye urefu wa kufika katikati ya jagi. Omba uone mvuke ukitoka. Kisha uliza kama raba za bomba na ncha yake zinapatikana hapo hapo mjini, kwa sababu ndizo zinazochakaa mapema, na mashine nzuri isiyo na raba ya shilingi chache inakaa kabatini kwa miezi ikisubiri kifurushi.